Ukuta unaotoa chumvi, kikohozi cha usiku na laki moja na nusu

Swali: Asalaam aleikum ami. Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya mawe ya marehemu babu. Ndugu wako juu, sisi tuko chini: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Chumba cha watoto kina ukuta unaobambuka rangi kila mwaka na kutoa unga mweupe, na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Mtoto wa mwisho, wa miaka mitano, ana pumu na hukohoa zaidi usiku. Tumejikusanyia shilingi laki moja na nusu. Fundi atushauri tupige plasta ya simiti yenye dawa ya kuzuia maji, rangi ya mafuta, silingi ya jipsamu na taili, na pesa zikibaki tununue AC. Mama mkwe asema nyumba yataka kufukizwa ubani tu. Tuanzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka kidogo, kwa sababu fundi wako na mama mkwe wako wanakubaliana bila kujua. Wote wawili wataka kuziba. Fundi ataka kuuziba ukuta, mama ataka kuuziba uvundo kwa harufu nzuri. Nyumba ya mawe ya Mombasa haikujengwa kuzibwa. Ilijengwa ipitishe upepo na itoe unyevu, na ikinyimwa hayo hujila yenyewe kama mnavyoona. Basi laki moja na nusu yenu itieni kwanza katika kuyatoa maji ukutani na kuurudisha upepo chumbani. Taili, jipsamu na AC ziwekeni kando.

Mimi nilikuwa bwana afya, kisiwani na Likoni, mpaka nikastaafu, na kazi ya bwana afya ni kuingia nyumba za watu na kutazama pale ambapo mgeni hatazami: chini ya birika, nyuma ya kabati, ndani ya tangi. Marehemu baba naye alikuwa fundi wa chokaa. Kuta hizi nazijua kwa pande zote mbili, na kosa analotaka kulifanya fundi wako nimeliona nyumba nyingi mno, ikiwemo yangu mwenyewe, mwaka ule nilipokuwa na haraka ya harusi ya binti yangu nikakubali sebule nzima ipigwe simiti. Ilipendeza miezi minane.

Tuanze na mtoto, maana ukuta utangoja. Pumu hutibiwa hospitali. Nyumba safi humpunguzia mtoto vitu vya kumchokoza kifua, lakini haishiki nafasi ya dawa ya kupulizia aliyopewa na daktari. Mkienda kliniki mwambieni daktari habari ya ule ukungu, msingoje aulize. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na ulisema wazi kwamba wanaoishi katika nyumba mbichi hupata maradhi ya kifua na pumu zaidi ya wengine, na kwamba cha kufanya ni kuuondoa unyevu wenyewe. Usiku wa leo kitanda chake kitoeni kwenye ukuta huo. Ikiwezekana alale na bibi yake chumba kingine mpaka kazi iishe. Kabati livuteni shibiri nzima kutoka ukutani, na nguo zilizokuwa humo zifuliwe zianikwe. Godoro nalo lipande juu likapigwe jua, pande zote mbili, kila wiki. Kuna wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wapenda godoro lenye unyevu kuliko mahali popote, na kinyesi chao ni katika vitu vinavyoamsha pumu. Mende hivyo hivyo. Matundu yanayozunguka mabomba ya jikoni na chooni yazibwe. Hapo kuziba naruhusu.

Sasa ukuta. Kabla ya kumlipa mtu yeyote hata senti, fanyeni jaribio hili. Kata vipande viwili vya nailoni ngumu, ile ya kujaladia vitabu vya shule yafaa, kila kimoja kama sentimita 30 kwa 30. Pangusa ukuta juu juu, kisha vibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki mwanya. Kimoja kiwe chini karibu na sakafu, kingine usawa wa kifua chako. Baada ya siku mbili rudi na tochi. Ukiona umande upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, basi maji yatoka ukutani. Ukiwa upande wa nje, ule unaotazama chumba, hayo ni mvuke wa pumzi zenu, wa nguo mbichi zilizoanikwa ndani na wa sufuria, umegota pahali penye ubaridi. Ukiwa pande zote, mna maradhi mawili.

Unga mweupe tayari umenionyesha nusu ya jibu. Hiyo ni chumvi, na chumvi haifiki usoni mwa ukuta bila kubebwa na maji. Zamani tulikuwa tukiulamba kidogo kwa ncha ya ulimi kuhakikisha. Wewe usiulambe, nitakueleza mbele.

Chukua kipande cha jiwe la matumbawe kilichoanguka, kikavu, ukitazame kwa karibu. Ni matundu matupu, kama mkate wa mofa uliokatwa. Kisimamishe katika sahani yenye maji ya urefu wa kidole na utauona weusi wa maji ukipanda wenyewe, bila pampu wala msukumo. Hivyo ndivyo ukuta wa babu yako unavyokunywa kutoka ardhini. Mafundi wa leo hutandika karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ile waiitayo dipisii. Babu hakuwa nayo na hakuihitaji. Alijenga ukuta mnene wa mawe na chokaa, akaupiga plasta ya chokaa, akaupaka chokaa. Maji yalipanda kidogo, yakatokea usoni mwa ukuta, upepo ukayachukua. Chumvi ikabaki juu, ikafagiliwa kwa ufagio wa chelewa. Kila mwaka kabla ya Idi nyumba ikapakwa chokaa upya, nasi watoto tukidhani ni pambo la sikukuu.

Kisha ikaja simiti. Plasta ya simiti ni ngumu na haipitishi mvuke kwa wepesi, na ukiizidishia dawa ya kuzuia maji ndiyo kabisa. Maji hayajui kwamba mmeuziba ukuta. Yataendelea kupanda vilevile. Yakikosa pa kutokea hupanda zaidi, yakatafute mwanya mahali pa juu, au hukaa nyuma ya plasta na kuulainisha udongo na chokaa iliyoshika mawe. Chumvi nayo hukauka ikiwa ndani, ikavimba, ikaisukuma plasta mpaka ikaachana na jiwe. Gonga ukuta wenu kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Palipo na sauti ya debe tupu, plasta ishaachia. Rangi ya mafuta juu yake ni kama kumvisha mtu koti la mvua juu ya nguo: kwa nje jasho halionekani, lakini vua uone. Nayo ndiyo inayobambuka kila mwaka, kwa sababu ni tabaka la mwisho na maji yamefika hapo.

Taili pia nazihesabu katika mambo haya, ingawa wengi hushangaa. Sakafu ya zamani ya chokaa ilikuwa ikitoa unyevu wake taratibu chumba kizima. Ukiifunika kwa taili, unyevu uliokuwa ukitoka katikati ya chumba hutafuta kando, na kando ni ukuta. Nimeona nyumba ya mtaa wa Kuze iliyokuwa na doa la kiganja kimoja, wakatia taili, mwaka uliofuata doa likafika kwenye swichi ya taa.

Basi kwanza tafuteni maji yanatoka wapi, na hapa msiwe na haraka. Tokeni nje mkasimame kwenye njia, upande wa pili wa ukuta huo. Njia nyingi za Mji wa Kale zimepandishwa zilipotiwa kabro, yale matofali ya kutandika njia. Je, usawa wa njia sasa uko juu ya sakafu yenu ya ndani? Kama uko juu hata kwa kiganja, basi kila mvua ya masika yaloweka ukuta wenu kwa ubavuni. Tazameni juu vilevile: maji ya paa yamwagika wapi? Gata iliyotoboka au bomba lililokatika juu ya kichwa cha mtu laweza kuulowesha ukuta kuliko ardhi yote, na mwezi wa Mei, ambao ndio wa mvua nyingi zaidi huku kwetu, mtalisikia usiku. Doa linaloanzia juu likishuka ni la paa au bomba. Linaloanzia sakafuni likaishia kwa mstari wa mawimbi, chini ya mita moja au kuzidi kidogo, ni la ardhi. Na doa la pahali pamoja katikati ya ukuta, lisilopungua hata wakati wa jua kali la Februari, ni bomba lililopasuka au choo cha jirani.

La bomba lina jaribio lake. Vitabu husema ufunge mifereji yote usiku na kusoma mita asubuhi, lakini kwetu sisi maji ya mita huja kwa zamu na mita yaweza kulala siku tatu haijazunguka. Nyinyi wekeni alama kwenye tangi. Jioni, watu wakishatawadha na kuoga, fungeni mfereji wa kuingizia, chora mstari pale maji yalipofika, mtu asitumie maji hayo mpaka alfajiri. Yakishuka, kuna pahali yanakwenda. Kuhusu choo cha jirani, ikiwa ukuta ni wa shirika, yaani wenu na wake pamoja, nendeni na kahawa na visheti, msiende na lawama. Kesi moja niliyoisuluhisha ilichukua miaka miwili kwa sababu mtu alianza kwa kupiga kelele barazani.

Mkishayazuia maji, ndipo mguse plasta. Kazi hii ifanyeni kaskazi ikivuma, Januari na Februari, mvua zikiwa chache, mmalize kabla ya masika ya Aprili. Plasta ya simiti ibanduliwe kutoka sakafuni mpaka sentimita 30 juu ya mwisho wa doa. Mawe yaachwe wazi yapumue wiki sita au nane. Ukuta wa unene huo hautakauka kabisa kwa muda huo, na si lazima. Ukipata plasta ya chokaa utaendelea kukauka ukiwa umevaa. Kila wiki chumvi inayotokea ifagieni kavu kwa brashi ngumu, muizoe muitupe nje. Msiioshe kwa maji, maana itayeyuka irudi ndani ilikotoka.

Plasta mpya iwe chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mtoni, si wa pwani, na maji yawe matamu. Hili nalisisitiza kwa sababu visima vya Mji wa Kale vina maji ya chumvichumvi, na fundi mvivu atachota kisimani kwa kuwa ndiko karibu. Hapo atakuwa amewauzia chumvi mpya ndani ya plasta mpya. Ipigwe kwa tabaka nyembamba tatu, kila moja isizidi unene wa kidole, na baina ya tabaka wasubiri siku kadhaa. Chokaa haigandi kama simiti. Hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na katika joto letu ikikauka upesi hupasuka na kuwa unga. Basi itundikiwe magunia mabichi na kunyunyizwa asubuhi na jioni. Baba alikuwa akiniachia kazi hiyo ya kunyunyiza, na siku niliyokwenda kucheza mpira badala yake niliijua plasta na niliijua bakora. Mwisho pakeni chokaa nyepesi mara tatu au nne. Chokaa mbichi huchoma macho na ngozi. Fundi avae miwani na glavu, watoto wasiisogelee, na ikimwingia mtu jichoni aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika nyingi kisha apelekwe hospitali.

Kazi ya ndani ya namna hii ni ya kurudisha kilichokuwapo. Lakini mkitaka kugusa ukuta wa nje, mlango au dirisha la upande wa njia, piteni kwanza ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Mtaa wenu ni eneo la hifadhi, na pale pia mwaweza kuelekezwa kwa mafundi wanaoijua chokaa.

Nilisema usiulambe ukuta. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo hata kwa kiasi kidogo. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa: kijiji cha Owino Uhuru kilisumishwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rangi ya ukutani si kiwanda, lakini msasa mkavu huigeuza kuwa vumbi linalotua kwenye vyakula na vidole. Kwa hiyo ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, mlango wa chumba ukiwa na pazia la nailoni, watoto wakiwa wamepelekwa kwa shangazi siku hizo. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe.

Ukungu mweusi wa nyuma ya kabati usafisheni kwa sabuni na maji, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, dirisha wazi, mtoto akiwa hayupo. Wengi hukimbilia jiki. Juu ya taili itafanya kazi. Juu ya chokaa na jiwe huua wa juu tu na mizizi hubaki. Na msije mkaichanganya na dawa ya kusugulia choo, maana zikikutana hutoa gesi ya kuumiza mapafu, na kwa mwenye pumu ni hatari ya papo hapo.

Upepo sasa. Hukuniambia kama ua wenu umeezekwa. Naomba samahani kwa kukisia, lakini nyumba nyingi za kwenu nilizoingia, ule ua wa katikati umefunikwa mabati ili kupata chumba cha ziada au kuzuia mvua. Ua ulikuwa ndio pua ya nyumba. Hewa ya moto ilipanda ikatoka hapo, na kwa kutoka kwake ikavuta ya baridi kutoka njiani kupitia madirishani. Ukiufunika, dirisha hata uliwache wazi mchana kutwa halivuti kitu, kwa sababu upepo wataka pa kuingia na pa kutokea. Kama ndivyo ilivyo kwenu, na mkaelewana na ndugu wa juu, yainueni mabati hayo juu ya vijiti, muache mwanya wa dhiraa moja kuzunguka pande zote. Mvua haitaingia, hewa itatoka. Katika nyumba ya aina yenu, hii ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa kupita zote ninazozijua.

Na kumbukeni upepo wetu una misimu. Kusi hutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, Novemba au Desemba mpaka Machi. Dirisha linaloingiza kusi si lazima liwe ndilo la kaskazi. Simama chumbani na uzi wa kushonea, uushike kwenye kila dirisha na kila mlango, uone unavyoelea. Yale matundu ya juu ya milango ya zamani, yaliyochorwa nakshi kisha yakazibwa kwa mbao ili chumba kiwe na siri, yafungueni. Siri itakuwepo, tundu liko juu ya kichwa cha mtu.

AC ya ukutani, hizi za kawaida, haileti hewa mpya. Huzungusha hewa ileile ya chumbani ikiipoza, na ili ifanye kazi lazima mfunge kila kitu. Watoto watatu wakilala katika chumba kilichofungwa chenye ukuta mbichi, mtakuwa mmewanunulia ubaridi na ukungu kwa bili moja ya stima. Jipsamu nayo ina karatasi usoni, na karatasi yenye unyevu ni chakula cha ukungu. Panya ndio watakaoishukuru silingi hiyo. Boriti zina haki ya kuonekana, tena zikionekana mtajua mapema kama zinaliwa na mchwa.

Ubani sasa, na hapa nakwenda pole pole kwa heshima ya mama. Sisemi uachwe, nyumba ya Mswahili bila udi si nyumba. Lakini moshi ni moshi, hata unukie vipi, na kifua cha mwenye pumu hakitofautishi udi na kuni. Chetezo kiwekwe ua au sebuleni, madirisha wazi, mtoto akiwa chuoni, madrasa, na chumba anacholala kisifukizwe. Dawa ya mbu ya kuchoma, zile za mviringo, mimi naichukia zaidi. Watafiti waliipima mwaka 2003 wakakuta kiringo kimoja chatoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Tena huwashwa chini ya kitanda, mlango umefungwa, usiku kucha! Hiyo iondoeni leo.

Lakini mkifungua madirisha mbu wataingia, na nisipolisema hili nitakuwa nimewatoa kwenye jua nikawatia kwenye moto. Madirisha na yale matundu ya juu yawekwe wavu, uliokazwa kwenye fremu ya mbao inayofunguka ili uoshwe. Wavu uliojaa vumbi ni ukuta mwingine. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na mianya ya paa ikazibwa, mbu walioingia walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba nyingine. Vyandarua vya kitandani vibaki palepale.

Huyo ni mbu wa malaria, wa usiku. Sisi wa mjini tuna yule mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana watoto wakicheza. Ndiye aliyetuletea dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017. Yeye hazaliani kwenye mtaro mchafu. Apenda maji yenu safi: birika la chooni, pipa, mtungi wa akiba, sahani ya chini ya kasha la mrehani. Na kwa kuwa maji ni ya zamu, kila nyumba ina akiba. Kila Ijumaa kabla ya sala muondoe maji, mlisugue birika kuta zake kwa brashi, maana mayai hung'ang'ania ukutani juu ya maji na yaweza kukaa makavu miezi yakingoja kujazwa tena. Kumwaga tu hakutoshi. Wazee wa Lamu walitia samaki wadogo ndani ya birika wakala viluwiluwi vya mbu. Tangi lifunikwe, na bomba lake la kumwagia ziada lifungwe kipande cha wavu.

Jikoni sina mengi. Kama mwapikia makaa, jiko lisiingizwe ukumbini mvua ikinyesha. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Kama ni gesi, mtungi usimame pahali penye tundu chini ya ukuta, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Maji ya kisima ni ya kufulia na kupiga deki. Jiwe letu lina nyufa na mashimo ya vyoo hayako mbali, kwa hiyo ya kunywa yawe ya mfereji, nayo myachemshe au myatie dawa.

Katika kuzitumia pesa, kwanza bomba na gata. Hiyo mara nyingi ni sehemu ndogo. Kisha mabati ya ua na wavu. Kisha kubandua na chokaa, ambako ndiko ujira wa fundi utakakoingia zaidi. Zikibaki, nunueni feni ya kunyonya hewa ya bafuni, na feni ya kawaida ya chumba cha watoto. Bei sitakutajia, za leo si za jana.

Fundi wako usimfukuze kwanza. Muulize kama ashawahi kupiga chokaa. Akisema ndio, muulize atakorogea maji gani. Akijibu ya kisimani, mshukuru, mpe chai, umtafute mwingine.